Nimekalia Udongo wa Shemeji Yangu

Manibe, Jumatano, 1979. Mvua imepiga asubuhi ikaacha, sasa jua linachoma na udongo unatoa mvuke. Moyo wangu uko chini kuliko udongo huo.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya kipande cha shamba ambacho si changu. Nimetandika gunia. Nikiinuka, kuna mtu atakuja kuchimba hapa. Nikiendelea kukaa, kuna mtu mwingine ataondoka akiniita mwizi mpaka siku ya kufa kwake.

Shule sikwenda hata siku moja. Herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu, mpishi wa jeshi, kwa msumari kwenye mchanga nyuma ya jiko la kambi, na Kiswahili nilikiokota hukohuko. Anayetaka kuucheka mwandiko wangu acheke. Daftari ni langu.

Habari yenyewe ni cherehani.

Mama Furaha ni Mkongo, fundi wa nguo pale Onduparaka. Tulijuana Furaha akiwa bado mgongoni, na leo Furaha ni mama wa watu. Huniita Yaya, ndiyo dada mkubwa kwao. Mume wangu alipokufa yeye ndiye aliyeshona sanda, akakesha nayo, akakataa hata kuku niliyetaka kumpa. Wajukuu wangu wamevaa magauni ya magunia ya unga, naye akayashona vizuri mpaka wanawake kanisani wakaniuliza kitambaa kimetoka duka gani. Nilikaa kimya. Wakafikiri nina mtu Kampala.

Serikali ilipoanguka na mizinga ikaanza kusikika kutoka upande wa mto, kila mtu alikimbia kwa njia yake. Yeye alirudi kwao ng'ambo ya mpaka, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, magodoro kichwani. Kichwa cha cherehani ni kizito, hakibebeki na watoto. Akakileta kwangu ndani ya sanduku la bati, amekipaka mafuta na kukifunga blanketi kama mtoto mchanga.

"Yaya, unifichie. Ni mukono yangu hii."

Nikamjibu, "Ukirudi utaikuta."

Maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu.

Nikalifukia sanduku asubuhi tuliyoondoka. Kati ya shamba langu na la shemeji yangu Ondoga, mdogo wa marehemu, kulikuwa na mstari wa mkonge. Huo ndio mpaka aliouweka baba yao. Nilihesabu hatua tano kutoka kwenye mkonge, upande niliodhani ni wangu, nikachimba mpaka shimo likafika gotini, nikafukia, nikatupa majani juu. Ukungu ulikuwa mzito, risasi zinalia barabarani, wajukuu wanalia mlangoni. Nilitokea njia ya nyuma ambayo siku zote siitumii. Mkonge ulikuwa mkono wangu wa kulia au wa kushoto? Nimejiuliza hivyo tangu Jumapili mpaka kichwa kinauma.

Niliporudi kutoka Kongo tulikokimbilia nilirudi peke yangu. Wajukuu niliwaacha kule na mama yao kwanza, nije kuona kama kuna pa kulala. Nyumba haina paa. Mkonge umeungua wote, haujabaki hata mzizi wa kuonyesha. Majani yamepanda mpaka kifuani. Shamba langu na la Ondoga sasa ni kitu kimoja, na Ondoga mwenyewe hajarudi. Amekimbilia kwa wakwe zake Dranya, huko Koboko.

Sikutafuta sanduku. Nilijiambia kitu kilichofichwa kikae kimefichwa mpaka mwenyewe aje. Hapo ndipo akili yangu ilipoishia.

Sasa niseme ujinga wangu wenyewe.

Kuna kijana wa hapa anaitwa Luka. Alikuwa askari wa kutafuta mabomu yaliyofukiwa. Jeshi lilipovunjika wengine walirudi na bunduki, yeye akarudi na mashine yake: fimbo ndefu, mwishoni ina sahani kama kikaango, na vikombe viwili vya kusikilizia anavyovaa masikioni. Ikipita juu ya chuma inalia. Siku hizi anapita nyumba hadi nyumba, kwa watu waliokimbia, anachimbua sufuria, baiskeli, pasi, masanduku. Watu wote wa hapa walifukia vitu kabla ya kukimbia, kwa hiyo Luka anavuna bila kupanda.

Niliporudi nilimkuta kwenye boma la mwalimu mmoja aliyekimbilia Sudani, ameshafungua mashimo manne na kuyaacha wazi kama vinywa. Nilikwenda na mwiko wa kusongea. Sikuuliza.

"Mama mzee, unapiga mimi ya nini? Mwenyewe hapana hapa!"

"Ndiyo sababu napiga! Angekuwa hapa angekupiga mwenyewe!"

Nikamwambia kila kitu siku hiyo, huku nikipiga. Kwamba kwa mtu huingii bila mwenyewe kukuambia karibu, na kama mwenyewe hayupo, boma limefungwa hata kama halina mlango. Kwamba ukichimba unafukia, maana ng'ombe na watoto wana miguu. Kwamba ukiona kitu unamwonyesha mwenye udongo kabla hujakipangusa vumbi. Na makaburini usiisogeze hiyo sahani yako, mama zetu wamelala na bangili zao. "Mashine yako inajua chuma," nilimwambia, "haijui chuma cha nani." Majirani walishangilia. Nilijisikia mkubwa. Kisha nikampa enya, ugali wetu, na mboga ya kunde, kwa sababu mbavu zake zilikuwa zinaonekana na mama yake alikuwa rafiki yangu.

Lakini nilijua atakuja kwangu siku nisipokuwepo. Kwa hiyo nikafanya hila. Nilikwenda kwenye maduka yaliyoungua, nikazoa misumari kwenye majivu, vikapu vitatu. Nikaokota maganda ya risasi barabarani, vifuniko vya soda, vipande vya mabati. Nikavimwaga shambani kwangu kama mtu anayepanda ulezi, halafu nikapiga jembe juu juu vizame. Nikasema, njoo sasa na kikaango chako, usikilize muziki.

Nilimwaga mpaka pale nilipodhani mkonge ulikuwa. Hapo nikasimama. Kwa Ondoga sikutupa hata msumari mmoja. Huwezi kutia misumari shamba la mtu, atakuja kulima na nyayo zake. Mimi mwenyewe nimeshachomwa mara mbili kwenye shamba langu, nikajitukana.

Jumapili Mama Furaha akafika.

Amekonda. Amevuka mpaka na wanawake wanaouza chumvi, watoto sita amewaacha Aru kwa mama yake kipofu. Alinikumbatia tukalia. Kisha akasema amekuja kuchukua cherehani, kule amepata kibaraza cha kushonea, na wanawake wa chumvi wanarudi Ijumaa, ataondoka nao kwa sababu peke yake njia haipitiki. Nikamwambia kaa, kunywa maji, nikuchimbulie.

Jumapili nilichimba mashimo matatu. Jumatatu matano. Jana nilichimba mpaka mikono ikatoka maji, na kila jembe likigonga chuma nainama kuchimbua kwa vidole, naona msumari wangu mwenyewe. Mama Furaha Jumatatu alichimba nami. Jana alikaa pembeni, anatazama. Mimi ninamjua, akinyamaza ni mbaya kuliko akipiga kelele.

Leo asubuhi nilimeza mate, nikaenda Onduparaka kumwita Luka.

Mimi. Baada ya mwiko.

Alikuwa anakunywa pombe ya kwete na wenzake wanaobishana habari za mpira. Aliniona, akavua kofia, akacheka mpaka akakohoa. "Leo hata mama mzee anataka mashine! Mwiko iko wapi?" Wote wakacheka. Niliwaacha wacheke. Nikamwambia ninalotafuta. Akasema kazi yake ni nusu kwa nusu. Nikamuuliza nusu ya cherehani ni nini, utachukua sindano umwachie gurudumu? Hata yeye akacheka vizuri hapo. Akasema basi, kwa ajili ya mama yake marehemu atakuja bure. Ana moyo kijana huyu. Ana njaa tu, na hakuna anayemlipa mshahara tena.

Mashine ilipogusa shamba langu ililia kama mbuzi aliyekanyagwa. Akasogea, ikalia. Akasogea tena, ikalia. Akavua vikombe masikioni, akanitazama.

"Mama, hapa kulikuwa vita gani?"

Ilibidi nimwambie. Nilimwambia nimeangalia chini. Luka aliketi kwenye majani akacheka mpaka machozi, akasema jeshi lingenichukua. Mama Furaha, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, hakucheka. Na mimi sikucheka. Sanduku lake lilikuwa limelindwa vizuri sana, hata mimi siwezi kulipata.

Kisha Luka akainuka na kwenda mbele zaidi, akavuka pale nilipoacha kumwaga. Mashine ikanyamaza. Udongo safi. Akapeleka sahani huku na huku, polepole, kama mtu anayepiga pasi. Na baada ya muda ikalia mara moja, sauti nene, sehemu moja tu. Akazunguka pale. Akaonyesha kwa mikono: ukubwa wa sanduku.

"Iko hapa. Kama hapana bomu, ni yenyewe."

Akachukua jembe.

Nikasema, "Acha."

Sijui niliyasema vipi maneno yaliyofuata. Udongo ule ni wa Ondoga. Na Ondoga naye alifukia vitu vyake kabla ya kukimbia, kila mtu alifukia. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Mikuki ya baba yao iko kwake, ile ambayo mwanamke hata kuivuka haruhusiwi, na nimesikia aliondoka bila kuibeba. Chini ya miguu yetu kuna chuma kimoja. Ni cherehani niliyoifukia nikikosea mpaka, au ni mikuki ya ukoo. Mashine haiwezi kuniambia. Mwenye kujua ni mmoja tu, yuko Dranya, mwendo wa siku mbili kwa miguu yangu.

Mama Furaha akaja mbele. Akasema, "Chimba."

Nikasema si kwangu.

"Batoto yangu iko na njaa na wewe unasema si kwako? Chimba kidogo tu, tuone! Kama si yenyewe, tunafunika!"

Luka naye akasema, "Kidogo tu, mama. Nani ataona?"

Ni kama yale aliyoniambia kwenye boma la mwalimu. Kidogo tu. Mwenyewe hayupo. Mungu wangu, na safari hii nilitaka kuyakubali. Naandika ukweli hapa maana hapa hakuna wa kumdanganya: mkono wangu ulikuwa umeshashika mpini. Nilitamani kulisikia lile bati likigongwa kuliko nilivyotamani chakula wakati tuko porini.

Lakini nikifungua shimo hili, kila boma la Manibe limefunguliwa. Watasema hata yule mama wa mwiko alichimba kwa shemeji yake. Na waliokimbia watarudi wakute mashimo, na hawatakuwa na wa kumlaumu, kwa sababu sote tutakuwa tumechimba kidogo tu.

Mama Furaha alininyang'anya jembe akaliinua. Sikuwa na nguvu ya kushindana naye. Nikakaa chini. Palepale, juu ya udongo, na makalio yangu haya yaliyozaa watoto wanane.

Alisimama na jembe juu ya kichwa changu. Muda mrefu. Kisha akalitupa.

"Umekula mashini yangu," akasema. "Umeuza, na sasa unaficha nyuma ya shemeji. Mutu mubaya wewe, Mama."

Mama. Hakusema Yaya.

Akaenda zake, njia ya Onduparaka.

Luka alikusanya mashine yake polepole. Hakunidhihaki tena, na hilo liliniogopesha zaidi. Aliniambia tu, "Utakaa hapo mpaka lini, mama? Siku moja utasinzia." Hakuwa anatisha. Alikuwa ananiambia ukweli kama mtoto anavyomwambia mama. Anajua mahali. Ana njaa. Nikiondoka, atachimba, na kitakachotoka humo, kiwe cha Mama Furaha au cha ukoo, kitauzwa sokoni Arua kabla sijafika Koboko.

Kwa hiyo nimekaa.

Nimefikiri mpaka jua limehama. Hakuna wa kumtuma Dranya. Wanangu wa kiume mmoja amekufa na mwingine hatujui aliko. Majirani wanaogopa kizuizi cha barabarani, na hawana kosa, wakombozi, askari walioiangusha serikali, wanauliza kila mtu unatoka wapi na unajua nani. Mimi nitapita. Kiswahili chao ni cha kitabu na changu ni cha jikoni, lakini mwanamke mzee mwenye miguu imevimba hawamwogopi.

Ondoga ndiye mzigo mwenyewe. Kaka yake alipokufa alikuja kunirithi kama desturi inavyotaka. Nilimwambia mbele ya watu kwamba nimeshalea watoto wanane, sihitaji wa tisa mwenye ndevu. Watu walicheka mwaka mzima. Tangu hapo hatujasalimiana. Sasa niende kwa wakwe zake, nipige magoti mbele ya mke wake, niseme, shemeji, naomba ruhusa nichimbe kwako. Atacheka na yeye, na ana haki. Acheke. Anipe tu jibu, ndiyo au hapana, na aniambie kama mikuki iko pale.

Lakini nani atakaa hapa?

Nimehesabu watu wote wa Manibe kwa vidole. Huyu mlevi, huyu ana njaa, yule ni binamu wa Luka. Kila nikihesabu, kidole kinarudi kwa mtu mmoja. Mtu pekee asiyeweza kumwachia Luka aguse udongo huu ni yule anayeamini, au alikuwa anaamini, kwamba kilichomo ni chake.

Yeye anayesema nimekula.

Niende Onduparaka, nimwambie asiondoke Ijumaa na wanawake wa chumvi. Nimwambie watoto wake sita wangoje siku nne zaidi, na njaa hiyo. Nimwambie akae hapa juu ya gunia langu, peke yake, juu ya chuma ambacho anafikiri ni mkono wake, asichimbe, mpaka nirudi kutoka kwa mwanamume anayenichukia. Mtu aliyeniita mubaya leo, nimwombe aniamini kuliko alivyowahi kuniamini.

Nani anaomba kitu kama hicho? Mimi nimeona aibu hata kukiandika.

Na bado sioni njia nyingine. Nimeitafuta tangu mchana.

Usiku huu nitalala hapahapa. Mapambazuko, Luka akiwa bado anakoroma kwa kwete yake, nitakimbia mpaka kwa Mama Furaha na miguu hii. Sitamletea maneno mengi. Akikubali, nitamwachia gunia, muhogo uliobaki wote, maji, na jembe. Nimefikiri sana juu ya jembe. Nilitaka kulificha. Lakini nikimwacha bila jembe nitakuwa nimemfunga, sijamwomba.

Nitamwachia jembe.

Halafu nitashika njia ya Koboko. Sijui kama atakaa au atachimba, na kwa siku nne sitajua. Nitakachofanya ni kutembea tu, nisiangalie nyuma.